Kilo 25: Hesabu Inayokosekana Katika Habari za Bomu la Nyuklia la Magaidi

Februari 2001, katika mahakama moja ya New York, shahidi aitwaye Jamal al-Fadl alieleza jinsi al-Qaeda ilivyotafuta urani mjini Khartoum, kati ya mwisho wa mwaka 1993 na mwanzo wa 1994. Alionyeshwa mtungi wa chuma wenye urefu wa futi mbili au tatu. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 1.5. Yeye mwenyewe alipewa dola 10,000 kwa udalali wake, na hakujua kama biashara ile ilifika mwisho.

Kesi aliyoitiwa ilihusu jambo jingine kabisa: malori mawili yaliyolipuka kwenye balozi za Marekani asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, moja Nairobi, jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Jumla 224. Ndani ya malori yale hamkuwa na chembe ya urani. Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilikadiria kwamba unyama ule uligharimu kama dola 10,000. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema haukufika dola 50,000.

Kundi lile lile la al-Qaeda, basi, lilijadiliana juu ya dola milioni 1.5 na halikupata bomu, kisha likatumia fedha isiyofika hata sehemu moja ya 30 ya hiyo na kuwaua watu 224. Kila ninaposoma kichwa cha habari kinachosema magaidi wako karibu kupata bomu la nyuklia, hurudi kwenye hesabu hizi. Habari za namna hiyo hujaa hofu na kukosa vipimo: kilo ngapi, asilimia ngapi, miaka mingapi, fedha kiasi gani. Msomaji akinyimwa vipimo hubaki na hofu peke yake. Makala hii inajaribu kumrudishia vipimo vyake.

Kilo kwanza

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lina kipimo cha kiasi ambacho kikipotea, uwezekano wa kuundwa bomu moja hauwezi kupuuzwa. Kwa plutoniamu ni kilo 8. Kwa urani iliyorutubishwa sana, yaani kufikia asilimia 20 au zaidi, ni kilo 25 za urani-235, ile aina yenye uwezo wa kuleta mlipuko. Bomu la Hiroshima lilitumia urani ya kama kilo 64, kwa sababu lilikuwa la muundo rahisi. Na muundo rahisi ndio ambao watu wasio na maabara ya serikali wangeukimbilia.

Urani inapotoka ardhini, iwe ya Namtumbo mkoani Ruvuma au ya Niger, ina urani-235 ya asilimia 0.7 tu. Kupata kilo 25 zake kwa kiwango cha asilimia 90 kunahitaji karibu tani sita za urani asilia, na sentrifuji, ile mitungi inayozungusha gesi kwa kasi kubwa, kama 6,000 za toleo la kwanza la Iran, zikifanya kazi mwaka mzima. Hata mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyokuwa na urani nyingi ajabu na yaliyolisha mradi wa bomu la kwanza la Marekani, hayakuwa bomu yalipotoka mgodini. Mradi ule ulitumia dola bilioni 2 za wakati ule na watu wapatao 130,000 ulipofikia kilele, na zaidi ya nusu ya fedha zile ilikwenda Oak Ridge, kwenye viwanda vya kurutubisha urani. Kwa hiyo anayekamatwa na mfuko wa mawe ya urani ana kosa la kujibu mahakamani, lakini kutoka mfuko ule hadi bomu ni safari ambayo mataifa mengi hayajawahi kuimaliza.

Ipo pia hesabu ya matukio. Toka mwaka 1993 hadi mwisho wa 2023, IAEA ilipokea taarifa 4,243 za vifaa vya nyuklia na vya mionzi vilivyopotea, kuibwa, kutupwa ovyo au kukutwa mahali pasipostahili. Ukisoma namba hiyo peke yake unashtuka. Lakini zilizothibitika au kudhaniwa kwa nguvu kuwa za magendo au za nia mbaya ni 350, yaani asilimia 8. Nyingi kati ya zilizobaki ni mambo ya uzembe, kama kifaa cha viwandani kinachokutwa kwenye vyuma chakavu.

Mizigo mikubwa iliyonaswa inajulikana. Prague, Desemba 1994: kilo 2.7 za urani ya kiwango cha silaha, ambazo ni kama asilimia 10 ya zile 25. Uwanja wa ndege wa Munich, Agosti mwaka huo huo: gramu 363 za plutoniamu kutoka Moscow, chini ya asilimia 5 ya kilo 8. Tukio la Munich lilitikisa vyombo vya habari vya Ulaya nzima. Aprili 1995, jarida la Der Spiegel likafichua kwamba shirika la ujasusi la Ujerumani, BND, lilikuwa na mkono wake katika biashara ile: mnunuzi alikuwa wa kutegeshwa. Mtego ulikuwa umemzalisha mwizi.

Mikono na miaka

Tuseme kilo zimepatikana. Swali linalofuata ni la mikono. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee iliyounda mabomu yake ya nyuklia na kisha kuyabomoa yote. Ilikuwa na serikali, jeshi, wahandisi, umeme, migodi yake ya urani na kiwanda chake cha kurutubisha kule Valindaba. Kiwanda hicho kilianza kutoa urani ya kiwango cha juu mwaka 1978. Hadi programu iliposimamishwa mwaka 1989, nchi ilikuwa na mabomu sita kamili. Hiyo ni karibu miaka miwili kwa kila bomu, kwa serikali iliyojificha lakini yenye kila kitu.

Kundi lisilo la kiserikali lililokwenda mbali kuliko yote ni Aum Shinrikyo la Japani. Lilikuwa na makumi ya maelfu ya wafuasi, wakiwemo wanasayansi waliosoma vyuo vizuri, na mali iliyokadiriwa kufikia hata dola bilioni moja. Mwaka 1993 lilinunua shamba kubwa la kondoo huko Banjawarn, Australia Magharibi, likitafuta urani. Lilituma watu Urusi. Halikupata bomu. Likageukia gesi ya sumu ya sarini, na tarehe 20 Machi 1995 likaiachia kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo. Shambulio lile liliua watu 14, wa mwisho akifariki mwaka 2020 baada ya kuugua kwa miaka 25, na kuwadhuru maelfu. Fedha, elimu na nia vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni zile kilo, pamoja na miaka ya kufanya kazi bila kuonekana.

Masanduku yanayobadilika idadi

Hofu nyingine inasema hakuna haja ya kuunda: wataiba bomu lililokwisha kuundwa. Chanzo chake kikubwa ni Jenerali Alexander Lebed wa Urusi. Mei 1997 aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba mabomu madogo 84 kati ya 132, ya kubebeka kama masanduku, hayakujulikana yalipo. Septemba mwaka huo huo, kwenye televisheni ya CBS, idadi ikawa zaidi ya 100 kati ya 250. Ndani ya miezi minne jumla ya mabomu ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu, na hakuna aliyekuwa ameyahesabu. Serikali ya Urusi ilikanusha. Hakuna hata moja lililowahi kuonekana.

Mabomu madogo kweli yalikuwapo. Marekani ilikuwa nayo ya kubebwa mgongoni na askari, yenye uzito wa kilo 60 na zaidi. Lakini silaha ya namna hiyo huhitaji matunzo. Pale inapotumia tritiumu, kwa mfano, gesi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Bomu lililoibwa mwaka 1991 na kufichwa bila fundi leo lingekuwa na chini ya robo ya tritiumu yake. Hata hivyo "masanduku ya Lebed" yaliendelea kutajwa magazetini miaka mingi kana kwamba yametoka kiwandani jana.

Asilimia zilitoka wapi?

Mwaka 2004 Graham Allison wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba, kwa mwendo ule wa mambo, shambulio la nyuklia la magaidi dhidi ya Marekani ndani ya miaka kumi lilikuwa na uwezekano mkubwa wa kutokea kuliko kutotokea. Mwaka 2005 Seneta Richard Lugar aliwauliza wataalamu 85. Wastani wa majibu yao kuhusu shambulio la nyuklia popote duniani ndani ya miaka kumi ulikuwa karibu asilimia 29. Mwaka 2008 tume ya Bunge la Marekani ilionya kwamba silaha ya maangamizi, ya kibiolojia au ya nyuklia, huenda ikatumiwa na magaidi kabla ya mwisho wa 2013. Miaka hiyo yote imepita.

Haki itendeke: kutotokea kwa jambo hakuthibitishi kwamba asilimia 29 ilikuwa uongo. Waliosema 29 walisema pia kwamba 71 ni za kutotokea. Tatizo ni kwamba namba ile ilikuwa wastani wa maoni. Haikupimwa kama tunavyopima mvua au ajali za barabarani.

Upande wa pili yupo John Mueller wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Alipanga vikwazo 20 ambavyo gaidi lazima avivuke vyote, kuanzia kupata urani, kuisafirisha na kupata mafundi, hadi kulipua. Akasema: tumpe nusu kwa nusu katika kila kikwazo. Zidisha nusu mara 20, na unapata nafasi moja kati ya 1,048,576. Ni hesabu inayotuliza roho, lakini nayo tuipime. Mpe gaidi huyo nafasi tatu kati ya nne kwa kila kikwazo, na jibu linakuwa moja kati ya 315. Mpe tisa kati ya kumi, na linakuwa moja kati ya nane. Isitoshe, vikwazo vimefungamana: mtumishi mmoja wa ndani aliyehongwa anaweza kufungua milango mitatu kwa mkupuo.

Kutoka moja kati ya milioni hadi moja kati ya nane, kilichobadilika ni dhana tuliyoanza nayo. Ndiyo maana siamini asilimia za wanaotutisha, wala sijifuniki kwa asilimia za wanaotutuliza. Ninachoamini ni kitu kimoja ambacho kambi zote mbili zinakubaliana nacho: kikwazo cha urani na plutoniamu kikifungwa kabisa, vile 19 vilivyobaki havina maana. Sifuri ukiizidisha kwa chochote hubaki sifuri.

Bomu chafu na gramu 38

Magazeti huchanganya bomu la nyuklia na bomu chafu, ambalo ni baruti ya kawaida iliyofungwa pamoja na vitu vyenye mionzi. La kwanza hufuta mji. La pili huchafua mtaa. Hakuna gaidi aliyewahi kulipua lolote kati ya hayo mawili.

Madhara ya mionzi iliyosambaa mjini tunayajua kutokana na ajali ya Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Waokota vyuma walivunja mashine ya tiba ya saratani iliyoachwa kwenye jengo tupu, na sesiamu-137 ikasambaa majumbani. Watu 4 walikufa. Watu wapatao 112,000 walijipanga uwanjani kupimwa, na waliokutwa na mionzi walikuwa 249. Katika kila watu 450 waliopanga foleni, mmoja ndiye aliyekuwa ameguswa. Vifo vile vinne ni vifo, na nyumba zilizobomolewa zilikuwa za watu. Ila foleni ile inatufundisha kwamba hofu ilienea mara mia nne na zaidi kuliko mionzi yenyewe.

Juni 2002 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, John Ashcroft, akiwa Moscow, aliitangazia dunia kwamba José Padilla amekamatwa kwa njama ya bomu chafu. Habari ilizunguka dunia nzima. Padilla alipotiwa hatiani Agosti 2007, ilikuwa kwa makosa mengine. Shtaka la bomu chafu halikuwamo kabisa.

Karibu na kwetu kuna kisa cha Kinshasa, kwenye kinu cha utafiti kilichowashwa mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Vijiti viwili vya fueli viliibwa huko miaka ya 1970. Kimoja kilinaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa watu wa mafia. Cha pili hakijaonekana. Kijiti kama hicho hubeba kama gramu 38 za urani-235, iliyorutubishwa chini kidogo ya asilimia 20. Kwa urani ya kiwango hicho, kipimo cha IAEA ni kilo 75. Gawanya: vinahitajika vijiti karibu 2,000, kisha kiwanda cha kuvirutubisha zaidi. Vilivyoibwa ni viwili. Wizi ule ni aibu, na kinu kile kilistahili ulinzi bora. Kuuita mwanzo wa bomu ni kumdanganya msomaji kwa mara elfu moja.

Bei ya hofu

Wapo wanaosema afadhali kuogopa kupita kiasi kuliko kupuuza. Wahenga nao walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya Septemba 11, iliyoua watu 2,977, Marekani ilikuwa imeumwa kweli. Lakini mshtuko una bei, na bei hiyo imeandikwa.

Septemba 2002 New York Times ilichapisha kwenye ukurasa wa mbele kwamba mabomba ya alumini yaliyonunuliwa na Iraq yalikuwa ya sentrifuji. Siku hiyo hiyo Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, alipeleka kwenye televisheni hofu ya wingu la mlipuko wa nyuklia. Januari 2003 Rais George W. Bush akaongeza madai ya urani kutoka Afrika, na ya Saddam Hussein kuwapa magaidi silaha. Machi 7 mkuu wa IAEA, Mohamed ElBaradei, akaliambia Baraza la Usalama kwamba hati za urani ya Niger hazikuwa halali. Siku 13 baadaye vita vilianza. Silaha hazikupatikana. Mei 2004 New York Times ilikiri kwamba haikuwa makini vya kutosha katika habari zake.

Ofisi ya utafiti ya Bunge la Marekani ilihesabu kwamba hadi mwaka 2014 vita vya Iraq viliigharimu hazina dola bilioni 815. Askari wa Marekani waliokufa walikaribia 4,500, na raia wa Iraq ni wengi kupita kiasi hicho kwa mbali.

Kwenye bandari za Marekani nako fedha ilimwagika. Mwaka 2006 ilitangazwa mikataba ya kama dola bilioni 1.2 ya mitambo mipya ya kunasa mionzi. Mwaka 2011 mpango ukafutwa. Mitambo iliyokuwapo ilikuwa ikipiga kelele kwa ndizi, vigae na mchanga wa choo cha paka, maana vyote vina mionzi kidogo ya asili. Sheria ya mwaka 2007 iliagiza kila kontena liendalo Marekani lipimwe ng'ambo kufikia 2012. Haijatekelezwa hadi leo.

Mahali shaka inapokoma

Shaka ninayoitetea haisemi hatari haipo. Dunia ina urani iliyorutubishwa sana inayozidi tani 1,200, na kilo 25 ni asilimia 0.002 tu ya hizo. Usiku mmoja wa Novemba 2007, makundi mawili ya watu wenye silaha yalivamia kituo cha nyuklia cha Pelindaba, Afrika Kusini, mahali panapohifadhiwa urani ya mabomu yaliyobomolewa. Mfanyakazi mmoja alipigwa risasi. Waliondoka bila urani, na kisa kile hakikupata hata robo ya kelele za masanduku ya Lebed, ingawa kilikuwa cha kweli.

Dawa inajulikana, na bei yake pia. Kati ya 1993 na 2013 Urusi ilizimua tani 500 za urani ya silaha na kuiuzia Marekani kama fueli ya kuzalisha umeme, kwa kama dola bilioni 17. Tani 500 ukizigawa kwa kilo 25 ni mabomu 20,000. Kila bomu liliondolewa duniani kwa dola 850,000, na badala yake taa ziliwaka. Vita vya Iraq viligharimu mara 48 ya zile dola bilioni 17 na havikuondoa bomu hata moja. Ghana mwaka 2017 na Nigeria mwaka 2018 zilirudisha China urani ya vinu vyao vya utafiti, kama kilo moja kila nchi. Habari zile zilipita kwenye kurasa za ndani, bila picha ya mlipuko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana tena na kichwa cha habari cha bomu la magaidi, kidai kilo na asilimia. Uliza nani amepima, na nani atapata fungu ukiogopa. Habari isiyo na majibu hayo bado haijawa habari.

Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, Nairobi, pana bustani yenye ukuta wa majina ya waliokufa Agosti 7. Wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Walikuwa kazini na masomoni katika majengo ya jirani. Toka mwaka 1985 wataalamu walikuwa wameishauri Marekani kwamba balozi zake zikae angalau mita 30 kutoka barabarani. Jengo la Nairobi halikuwa na mita hizo, na Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameomba zaidi ya mara moja usalama wake urekebishwe. Mita 30 za ardhi tupu hazikuwahi kutisha mtu wala kuuza gazeti. Nikisimama mbele ya ukuta ule, hiyo ndiyo namba ninayotamani ingepewa ukurasa wa mbele.